Mama Angela wa Mazwi na Jamu Isiyoliwa

Baba Paroko, masista, viongozi wa jumuiya na wa mtaa, ndugu mliotoka Mpui na ninyi majirani wa hapa Mazwi mliosimama kwenye baridi hii ya Juni tangu asubuhi, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imempa kazi ya kusoma maneno haya Flavian Katepa, mdogo wake marehemu aliyeachiana naye ziwa, mtu wa darasa la saba, ambaye si mwandishi wala msemaji, kwa hiyo mnaombwa mumvumilie pale atakapojikwaa, na pia pale atakaposema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele ya jeneza, maana juzi familia ilikaa, ikabishana, ikasali rozari, ikakubaliana kwamba historia ya dada yetu ikisomwa nusu tutakuwa tumemzika mtu mwingine.

Kuzaliwa na masomo

Marehemu Rozina Katepa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la mama Angela, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika kijiji cha Mpui, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Zenon Katepa na marehemu mama Dominika, wakulima wa ulezi na mahindi, akabatizwa tarehe 20 Agosti mwaka huohuo, na kwa maelezo ya mama yetu alikuwa mtoto mwenye afya ila mkimya, anayeweza kukaa pembeni ya tuta la maboga tangu umande haujakauka mpaka anaitwa kula, akiangalia tu jinsi majani yanavyofunguka. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akamaliza darasa la saba vizuri, lakini hakuchaguliwa kuendelea, akalia siku ile moja, kisha akachukua jembe akaenda shambani kwa baba, na hakulizungumzia tena.

Kazi

Mwezi Januari 1977 baba alimpeleka kwenye nyumba moja ya masista hapa mjini Sumbawanga, asaidie jikoni, na huko ndiko alikopata kazi ya maisha yake, kwani nyuma ya jiko kulikuwa na bustani ya Sista Albina, mzee mmoja mkali asiyependa kelele, ambaye alimfundisha kupanda rozimari kwa vijiti na mnanaa kwa mizizi, kutenga giligilani mbali na upepo, kukata mchaichai bila kuumiza shina, na kumwagilia kabla jua halijashika ardhi. Alimfundisha pia kupika jamu, masuku ya porini mvua zinapoanza, plamu kuelekea Krismasi, mapera mwezi wa tatu na wa nne, akimwonyesha jinsi ya kuchemsha tunda mpaka lilainike, kulichuja kwa kitambaa cheupe, kurudisha maji yake motoni na sukari na limau, na kukoroga bila kusimama mpaka tone likidondoshwa kwenye sahani ya baridi lisitiririke, ndipo unajaza kwenye chupa zilizochemshwa, ukazifunga kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Rozina aliongeza la kwake, kijifuko cha kitambaa chenye majani ya rozimari, anakichovya kwenye jamu ya mapera dakika za mwisho na kukitoa, na Sista Albina alipoionja akasema, "Hii mimi sikukufundisha," naye Rozina akadhani anagombezwa, akaomba radhi.

Alifanya kazi pale hadi mwisho wa mwaka 1983. Baadaye, akiwa na nyumba yake, alipika jamu na kuuza majani ya bustani kwa zaidi ya miaka ishirini, akipeleka kwenye maduka ya Majengo na kwenye nyumba za wageni, na wapo hapa leo watu wazima ambao walienda shule kila asubuhi na mkate wenye jamu ya mama Angela, kabla ya mambo tutakayoyaeleza.

Ndoa na watoto

Tarehe 28 Julai 1984 alifunga ndoa takatifu na marehemu Rafaeli, seremala wa Majengo, mtu wa utani mwingi, ambaye alizoea kusema kwamba alioa jiko akapewa na mwanamke juu yake, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akachukuliwa na surua akiwa mchanga, wa pili ni Angela, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1986, aliyeolewa Mpui na bwana Masunga wa familia ya wafugaji waliohamia huko kutoka Shinyanga, na wa tatu ni Abel, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1991, anayeishi Mbeya. Mwaka 1994 walihamia kwenye kiwanja hiki mliposimama, Rafaeli akajenga nyumba na kibanda cha kuhifadhia chupa, Rozina akapima matuta, na kabla ya mwaka kuisha mtu akipita njiani jioni alikuwa anasikia harufu ya rozimari kabla hajaiona nyumba.

Abel alipokuwa kijana alitaka mama yake auze mpaka Dar es Salaam, akachapisha lebo, lakini akamwambia, "Maza, usiandike Sumbawanga, watu wa Dar wakisoma Sumbawanga wanaacha chupa mezani wanakimbia, andika Mbeya, hakuna atakayejua." Mama akamjibu, "Mungu atajua," lebo zikaandikwa Sumbawanga, na chupa zikarudi na basi lilelile, nao wakacheka mama na mwana mpaka Rafaeli akatoka karakana kuuliza kuna nini. Sisi watu wa hapa tunataniwa nchi nzima kwa jambo hilo la uchawi, ndugu waombolezaji, tunacheka pamoja na wanaotutania, tukirudi nyumbani tunafanya yaleyale tunayotaniwa nayo.

Rafaeli alifariki dunia tarehe 6 Februari 2013 kwa ugonjwa wa mapafu, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake na bustani yake.

Kwaresima ya mwaka 2017

Sehemu hii haimo katika historia za marehemu wengine, ila kwa Rozina ndiyo iliyokula miaka yake minane ya mwisho.

Mwaka ule Abel alikuwa amepotelea kwenye pombe huko Mbeya, simu hapokei, kanisani haendi, na mama yake aliweka nadhiri kwa ajili yake, kwamba kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka hataweka kitu kitamu mdomoni, wala sukari kwenye chai, wala tunda, wala jamu. Nadhiri hiyo hakumwambia mtu, kwa sababu neno linalosomwa siku ile ya majivu linasema anayefunga asijionyeshe kwa watu, na Rozina alikuwa mtu wa kulishika neno jinsi lilivyo, akaendelea kupika mapera yake kama kawaida, akipima kwa jicho na kwa tone la kwenye sahani, bila kugusisha ulimi.

Jumamosi, tarehe 25 Machi 2017, jumuiya ilisali hapa nyumbani kwake, na baada ya sala akatoa chai, mkate na jamu mpya ya mapera. Ninyi mnajua, na wageni tunawaeleza, kwamba kwetu tangu pombe ya ulezi ya wazee, mwenye kukaribisha ndiye anayeanza kuonja mbele ya wageni wake, tunaita kutoa sumu, na wakati wa kufanya hivyo hakuna anayefikiria sumu, ni adabu tu, kama kuvua kofia ukiingia ndani. Siku hiyo Rozina hakuonja. Marehemu bwana Adolfu, mwashi, mume wa mama Coleta, aliyekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na mtu wa kumtania sana, akamwuliza mbele ya wote, "Shemeji, leo hututolei sumu?" Rozina, ambaye hakutaka kusema uongo na hakutaka kutaja funga yake, akacheka akasema, "Leo nyie ndio mtanionjea, mniambie kama sukari imetosha." Adolfu akapaka jamu kwenye mkate kama anapiga plasta, akasema, "Haya, nikifa mtajua aliyeniua," watu wakacheka, na mama Coleta akamsukuma bega, "Kula, wewe mtu wa maneno, mkate wenyewe unaisha." Alikula vipande vitatu, akasifia, akaomba chupa ya kwenda nayo.

Kesho yake Jumapili, akiwa anavaa viatu kwenda misa ya kwanza, bwana Adolfu alianguka, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Daktari alisema ni presha, na ni kweli alikuwa ameambiwa ana presha tangu mwaka uliopita, akaacha vidonge kwa sababu alijisikia mzima, mama Coleta mwenyewe alimgombeza kwa hilo mbele za watu si mara moja. Yote hayo mtaa mzima ulikuwa unayajua. Lakini watu walikuwa wamecheka pamoja naye siku moja kabla, na neno lake la utani likabaki hewani peke yake, bila mwenyewe kuwepo wa kulifuta.

Rozina alikuwa wa kwanza kufika msibani, akafunga khanga kiunoni kama miaka yote, akashika mwiko, na mama mmoja wa makamo akaja akautoa mkononi mwake kwa upole sana, akimwambia, "Pumzika wewe, umechoka." Akakaa. Akafikiri kweli wamemwonea huruma. Alipoletewa maharage ya kuchambua, mwingine akayachukua, na alipoinuka kwenda kuchota maji, ndoo ikawa tayari imebebwa, mpaka ilipofika saa ya kula ndipo akaelewa, alivyomsimulia mdogo wake baadaye, kwamba hawakutaka mkono wake uguse chakula.

Hakuna aliyemwita mchawi. Hili tunalisema kwa haki ya wote waliopo hapa, hakuna aliyelitamka neno hilo usoni pake, wala kumtupia jiwe, wala kung'oa mche wake mmoja, na laiti kungekuwa na mtu mmoja aliyesimama akalisema, angejibiwa, kesi ingekuwepo na mwisho wake ungekuwepo. Watu waliendelea kumsalimu, waliendelea kusali kwake zamu yake ilipofika, ila chai ikitoka utasikia, "Nimekunywa nyumbani, mama Angela," na, "Tumbo langu leo haliko sawa," na mmoja alipokea mkate akaufunga kwenye khanga ili akale nyumbani, ukaonekana mtaroni, bata wa jirani wakaula wote, na bata hawakufa, na hilo pia halikubadilisha kitu. Maduka ya Majengo yakamrudishia chupa, muuzaji mmoja akiangalia pembeni na kusema, "Mama, haziendi siku hizi." Majani ya bustani, ambayo watu walikuwa wakiyachuma bila hata kuomba, yakaanza kuitwa majani yasiyojulikana, na kijifuko kile cha rozimari kikawa na hadithi zake.

Pasaka ilipopita alikwenda kwa mama Coleta, maana walikuwa wamekaa kama ndugu tangu mwaka 1994, akamweleza habari ya nadhiri yake na Abel, kwa nini hakuonja, kwa nini hakusema. Mama Coleta alimsikiliza akiwa anapepeta ulezi, hakuacha kupepeta, na alipomaliza kusikiliza akamwambia, "Mama Angela, mimi sikukuuliza." Rozina alirudi nyumbani akijua kwamba funga ile, ambayo kuitaja kabla ilikuwa majivuno, kuitaja baada ilikuwa imekuwa kisingizio, na hapakuwa na siku katikati ambayo angeweza kuisema ikaaminika. Alimwuliza padri kama nadhiri yake ilikuwa dhambi, padri akamwambia hapana, akajitolea kuliongelea suala hilo madhabahuni, lakini Rozina akakataa, akisema, "Nitajibu nini, Baba, na hakuna aliyesema kitu."

Abel alirudi kanisani mwaka uliofuata na pombe akaiacha. Mama yake alifurahi, akamshukuru Mungu, kisha akamwambia Flavian maneno ambayo hatukujua tuyapokeeje, kwamba labda Mungu alikubali nadhiri ile kwa bei aliyoipanga mwenyewe.

Mwaka 2018, msimu wa mapera, alibeba meza ndogo hadi barabarani Majengo, akapanga chupa, na kwa kila mtu aliyepita Rozina alikuwa anafungua chupa mbele yake, anachota kwa kijiko, anakula yeye kwanza, anameza, anafungua mdomo kidogo kama mgonjwa mbele ya nesi. Vijana wa bodaboda wakawa wanaangalia kama sinema, mmoja anamwambia mwenzake, "Oya mshikaji, nenda kaonje basi," na mwenzake anajibu, "Nani, mimi? Niamke kesho nina mkia?" Alikaa pale mpaka jua likawa kichwani, akala mwenyewe mpaka akatapika nyuma ya meza, na kutapika kule nako kukasimuliwa mji mzima kwa namna yake. Hakurudi tena barabarani.

Sasa tufike nyumbani kwetu, kwa sababu si haki kuanza na majirani tu. Mkwe wa Angela kule Mpui aliwakataza wajukuu kula Mazwi, na Angela, ambaye alinyonya kwa mama huyu, akawa anakuja na chakula kwenye hotipoti, mama yake akawa anacheka, "Mmekuja na mgahawa wenu," halafu anawatandikia mkeka na kukaa mbali kidogo ili wale kwa raha. Flavian anayesoma hapa alipewa chupa kila Krismasi, akashukuru kila Krismasi, akazipanga juu ya kabati, hakuzifungua na hakuzitupa, na mke wake akiuliza atazifanyia nini anasema ataona. Hatukuamini, ndugu zangu, kwamba dada yetu ni mbaya, hata siku moja. Tuliogopa tu, na woga hauhitaji kuamini.

Yeye aliendelea kupika. Kila msimu alipika, kwa sababu matunda yalikuwa yanaiva kama zamani na alisema hawezi kuyaangalia yakioza chini, akazifunga chupa zake kwa nta, akazipanga kibandani mwaka baada ya mwaka, zile za chini zikaanza kuwa nyeusi. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na hakukificha, alikisema kwa Flavian, kwa Angela, kwa padri, kwamba kabla hajafumba macho amwone mama Coleta akila kipande kimoja cha mkate wenye jamu yake, basi, wala asiseme kitu, ale tu.

Ugonjwa na kifo

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, akidhani ni mafua, kisha ugali ukagoma, kisha wali, na mwezi Aprili 2024 alipelekwa hospitali hapa mjini, akahamishiwa Mbeya, ambako waligundua kansa ya koo, akatibiwa kwa mionzi kwa kipindi, akarejeshwa nyumbani tarehe 18 Januari 2025 kwa sababu kilichobaki kilikuwa ni kumtunza.

Hapo lazima tuseme ukweli mwingine, kwamba mtaa huu ulimtunza. Mlimfulia, mlimchotea maji, mlimgeuza kitandani, mlimletea uji wa ulezi na mtori na maziwa, na yeye alivipokea vyote kutoka kwenye kila mkono ulioingia, akameza alichoweza kwa maumivu ambayo yalimtoa machozi, mbele ya mletaji, ili mletaji aone kimeliwa. Mwezi wa tatu, mapera yalipoiva, hakuweza kusimama jikoni, akamwelekeza Angela kutoka kitandani, na Angela akapika chupa chache kwa maneno ya mama yake, akaleta sahani yenye tone ili mama aiangalie.

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, mama Coleta alikuja na uji, akakaa kitandani, akachota kijiko akataka kuonja kwanza kama inavyotakiwa, na marehemu akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ile iliyokuwa imebaki ya kunong'ona, "Usinionjee, Coleta. Lete tu." Akala vijiko vyote alivyoweza. Kisha akamwomba Flavian alete chupa moja ya mapera ya mwaka huu, akaiweka kwenye mapaja ya mama Coleta, akamwambia, "Ule na mkate, kesho uniambie kama sukari imetosha." Mama Coleta akasema, "Asante, mama Angela," akaiingiza chini ya khanga, akaaga, na marehemu jioni ile alikuwa na uso ambao hatukuwa tumeuona kwa miaka, akamwambia Angela amfungulie dirisha asikie bustani.

Asubuhi Flavian alipotoka kufungua geti aliikuta chupa juu ya ukuta, imesimamishwa vizuri, imefutwa vumbi, nta yake haijaguswa. Akaificha kwenye gunia la mkaa. Marehemu aliuliza mchana, "Coleta amepita?" akaambiwa bado, akauliza tena kesho yake, "Alisemaje habari ya sukari?" na Flavian, ambaye alikuwa amejiandaa kudanganya na mdomo ukakataa, akasema, "Atasema tu, dada." Rozina hakuwa mjinga. Alimwangalia, akasema, "Basi," akageukia ukutani, na kuanzia hapo hakuuliza habari ya mtu yeyote kula chochote.

Mama Coleta yuko hapa kati yetu. Juzi tulikwenda kumsomea sehemu hii ili asiisikie kwa mara ya kwanza mbele za watu, tukamwambia kama hataki tutaiondoa, akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shavu, akasema, "Isomeni, ni kweli. Na mkiniuliza kama leo ningekula, bado ningeogopa." Tunamshukuru kwa kutotudanganya, maana sisi wenyewe tulipoulizana usiku wa mkesha ni nani kati yetu angefungua chupa akala, mmoja wetu alianzisha wimbo.

Marehemu alipokea sakramenti ya mpako wa wagonjwa tarehe 8 Juni, siku ya Pentekoste, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na Angela na Flavian, alifariki dunia hapa nyumbani kwake Mazwi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha watoto wawili na wajukuu wanne, ambao hakuna hata mmoja anayeijua ladha ya jamu ya bibi yake.

Shukrani

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa mjini na wa Mbeya, ambao walimhudumia bila kuchoka na ambao, kwa kuwa hawakuwa wanamjua, walimchukulia kama mgonjwa yeyote, jambo alilolisifia sana alipokuwa wodini. Tunamshukuru Baba Paroko kwa kumletea Komunyo kila Ijumaa ya kwanza, jumuiya kwa sala na kwa mikono, masista kwa kumkumbuka mwanafunzi wao wa zamani, majirani kwa maji, kuni na maturubai, wafanyabiashara wenzake wa Majengo waliofunga maduka kuja kutusindikiza, na ndugu wa Masunga waliotoa ng'ombe wa msiba huu. Kwa yeyote ambaye hatukumtaja, atuwie radhi, na kwa yeyote tuliyemtaja akaumia, atuwie radhi zaidi, hatukutaka kumpiga mtu kwa mkono wa maiti.

Tangazo la mwisho ni la chakula. Baada ya makaburini tutarudi hapa, kutakuwa na wali, nyama na chai. Jana Angela alichuma mchaichai kwenye matuta ya mama yake, akauosha, akauweka karibu na masufuria, nasi wakubwa tukakaa tena kikao, tukapiga hesabu ya nyuso zenu, tukamwomba autoe. Majani ya chai tumenunua dukani, sukari ya dukani, mkate wa dukani, na hakuna kitu mtakachopewa leo ambacho kilitoka kwenye bustani hii au kwenye kibanda kile. Mnaweza kula na kunywa bila wasiwasi.

Dada Rozina, hata siku yako ya mwisho tumekaa upande wa walioogopa. Mungu akupe kwake ile amani ambayo kwetu ulikaa nayo mlangoni ukiwa umeishika mkononi na hakuna aliyeipokea. Lala, dada yetu.